"Mama, hili ni somo au tunacheza?"

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu, na leo nimeona nami nilete langu. Sijaachwa wala sijapigwa, kwa hiyo huenda wengine wakasema nimejitafutia tatizo. Lakini ndani ya nyumba yangu limekuwa kubwa.

Nina binti wa miaka 5, mtoto wetu wa kwanza. Tangu aanze kuzungumza nimekuwa nikimfundisha hesabu na sayansi kwa michezo. Hatuna daftari. Tunapanga vifuniko vya chupa kwa rangi, tunahesabu ngazi tukipanda, tunachora kivuli chake kwa chaki asubuhi na kurudi kukiangalia mchana. Anachopenda kuliko vyote ni beseni la maji. Anatumbukiza kila kitu: jiwe, kijiti, kijiko, hata kiatu cha baba yake. Siku moja aliniuliza, "Mama, kwa nini gogo hili kubwa linaelea na kijiwe kidogo kinazama?" Nilijaa fahari, Shangazi, nikamsimulia kila aliyenisikiliza.

Mambo yaliharibika tulipokutana kifamilia. Mtoto wa wifi yangu ni wa umri uleule, na anafundishwa na mwalimu wa tuisheni. Wakubwa wakamwambia aonyeshe anachojua. Akahesabu hadi 100 bila kukwama, kisha akaandika namba kwenye daftari, zimenyooka utadhani yuko darasa la pili. Mtu mmoja akamgeukia binti yangu: "Na wewe je?" Alikwenda vizuri mpaka kumi na mbili, akaruka hadi kumi na tano, akasema kumi na nane, akanyamaza. Watu walicheka, tena si kwa ubaya. Mume wangu hakucheka.

Usiku ule akamfanyia mtihani wake mwenyewe, jaribio aliloliona kwenye simu. Akapanga vifuniko mistari miwili, sita huku na sita huku, vikielekeana. Akauliza kama viko sawa, mtoto akasema ndiyo. Akautanua mstari mmoja mbele ya macho yake, akauliza tena. Binti yangu akaonyesha ule mrefu: "Hivi ndivyo vingi." Mume wangu akanitazama tu, akainuka.

Sasa amempata mwalimu, saa nzima kila jioni. Anasema shule tunayoitaka huwapima watoto kabla ya kuwapokea darasa la kwanza, na huko hawataulizwa kipi kinaelea. Aliniambia, "Wewe unacheza naye, mwenzake anasoma." Mama mkwe yuko upande wake, na sijaona wa upande wangu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nami nimebadilika. Nikimwona anacheza, nachomeka swali. Juzi alikuwa kwenye beseni lake, nikachuchumaa pembeni nikasema, "Haya, hebu hesabu vilivyozama. Na vilivyoelea? Vipi ni vingi?" Akakiacha kijiko, akanitazama. "Mama, hili ni somo au tunacheza?" Nikamwambia tunacheza. Akasema, "Basi nataka kucheza peke yangu."

Na kuna jambo sijamwambia mume wangu. Mimi hesabu zilinishinda shuleni. Mpaka leo nikiona karatasi ya hesabu tumbo linanikata. Usiku najiuliza: nilichagua michezo kwa sababu inamfaa mtoto, au kwa sababu naikimbia hesabu yenyewe?

Nikubali tuisheni? Nishikilie michezo? Nisaidie, Shangazi.

Mama wa Beseni

* * *

Marahaba mwanangu,

Hujajitafutia tatizo. Wazazi wakianza kuvutana juu ya mtoto, nyumba nzima hutikisika, na wewe juu ya hapo unavutana na nafsi yako.

Unaniuliza juu ya tuisheni na michezo, lakini nikiisoma barua yako naona hofu mbili. Mume wako aliona mtoto hajui kile alichodhani anapaswa kujua, akaogopa. Wewe ulimwona ameogopa, nawe ukaogopa. Hofu zote mbili zimeishia kando ya beseni la mtoto. Kwa hiyo kabla ya kusema nani ana haki, hebu tumwangalie kwanza mtoto mwenyewe anajua nini, maana hapo nadhani nyote wawili mmehukumu mapema.

Nianze na ile mistari ya vifuniko. Jaribio hilo ni la Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyefariki mwaka 1980, na jibu la binti yako ndilo Piaget alilolipata kwa watoto wengi wa rika lake. Mtoto mdogo huliamini jicho: mstari ukirefuka, basi vitu vimeongezeka. Kwa kawaida hilo hubadilika akikaribia miaka 6 au 7, kwa hiyo baba yake alimpima kwa jambo ambalo wenzake wengi nao hawajalifikia. Na hata jaribio lenyewe lina utata wake. Mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson walilirudia, ila safari hii aliyeuvuruga mstari hakuwa mtu mzima. Alikuwa mwanasesere wa dubu, mtundu, aliyechomoza na kuharibu mchezo. Watoto wengi zaidi wakasema idadi haijabadilika. Hoja yao ilikuwa hii: mtu mzima akiuliza, akagusa vitu kwa makusudi, kisha akauliza swali lilelile, mtoto hudhani anatakiwa atoe jibu jingine. Mfikirie binti yako usiku ule, watu wametoka kumcheka, baba ameketi mbele yake na anauliza mara ya pili. Sisemi kwamba jibu alikuwa nalo. Nasema usiku ule haukuwa wa kulijua hilo.

Sasa kuhesabu hadi 100. Usimbeze mtoto wa wifi yako, kwa sababu kushika mfuatano wa namba ni ujuzi wa kweli na binti yako atauhitaji. Ila kuhesabu kwa mdomo na kuhesabu vitu ni mambo mawili. Mwaka 1978 Rochel Gelman na C. R. Gallistel walieleza kanuni anazozifuata mtoto anayehesabu kwa kuelewa: kila kitu kinapewa namba moja tu, namba zinafuatana kwa mpangilio usiobadilika, namba ya mwisho kutajwa ndiyo idadi ya vyote, unaweza kuhesabu kitu chochote, na ukianzia kushoto au kulia jibu ni lilelile. Ile ya namba ya mwisho ndiyo inayowasumbua wengi. Mwambie mtoto akupe vifuniko saba kutoka kwenye rundo. Ambaye hajaielewa anaweza kukuhesabia moja hadi ishirini vizuri kabisa, kisha akakukabidhi konzi nzima. Au ahesabu vifuniko vyote, umuulize, "Kwa hiyo viko vingapi?", naye aanze upya: moja, mbili, tatu.

Hilo lijaribu siku mnapogawana vitu kwa shughuli yenu, si kwa kumketisha. Akikupa saba kamili, basi anajua jambo ambalo daftari la mtoto wa wifi yako halikuonyesha, ingawa huenda naye analijua. Akikosea, utajua pa kuanzia. Lakini tusidanganyane: kuruka kutoka kumi na mbili hadi kumi na tano ni pengo, na michezo uliyonitajia haijaliziba. Hapo mume wako hajakosea.

Tuje kwenye beseni. Hapa nataka kukaa kidogo.

Binti yako alikuwa majini na swali lake. Wewe ukaja na lako. Yeye alitaka kujua kwa nini, wewe ukataka kujua ni vingapi. Nadhani alichokataa ni kunyang'anywa mchezo, na kwa mtoto wa miaka 5 kulisema hilo waziwazi, tena kwa adabu, ni akili kubwa. Kuna utafiti wa Elizabeth Bonawitz na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, unaonifanya niseme hivyo. Walitengeneza kitu cha kuchezea chenye mambo manne yaliyofichika: kilikuwa na sehemu inayolia, taa, muziki na kioo. Watoto walioonyeshwa waziwazi na mtu mzima kwamba "hiki hufanya hivi", yaani kulia, walikirudia hicho na wakagundua machache mengine. Wale ambao mtu mzima alikiliza kana kwamba ni kwa bahati tu walikichokoachokoa mpaka wakapata zaidi. Mtu mzima anapofundisha, mtoto huelewa kwamba cha kujua ni hicho tu. Faida yake ni kwamba anakijua upesi, na hasara yake umeiona mwenyewe.

Nikuulize kwa upole: lile swali la gogo na kijiwe, ulimjibu nini? Barua yako inasema ulijaa fahari, haisemi mlifanya nini baada ya hapo. Wakubwa wengi tungejibu kwamba jiwe ni zito. Lakini gogo ni zito kuliko kijiwe, na mtoto ameshaliona hilo, ndiyo maana akauliza! Kinachoamua si uzito peke yake. Ni uzito wa kitu ukilinganishwa na uzito wa maji yanayoweza kujaza nafasi ileile. Kijiwe ni kizito kuliko maji ya ukubwa wake, gogo ni jepesi kuliko maji ya ukubwa wake. Huna haja ya kumhutubia hivyo. Mpe donge la udongo wa mfinyanzi. Kabla hajalitumbukiza muulize, "Unadhani itakuwaje?", kisha nyamaza, na hiyo ndiyo sehemu ngumu. Donge litazama. Sasa udongo uleule mfinyange bakuli lenye kingo ndefu, uulize tena. Likielea, nina hakika atataka kulipakia vifuniko mpaka lizame. Na hapo, bila wewe kuchomeka chochote, atataka kujua lilibeba vingapi, kwa sababu atataka la pili libebe zaidi. Namba itakuwa imeingia kwa kazi yake.

Lakini usiondoke hapa ukidhani nimekupa ushindi. Kumwachia mtoto agundue kila kitu peke yake hakufanyi kazi vizuri. Louis Alfieri na wenzake walichambua tafiti nyingi mwaka 2011 wakaona kwamba ugunduzi usio na msaada wowote ulikuwa nyuma ya kufundishwa waziwazi. Uliofanya vizuri ni ule ambao mtu mzima yupo, anauliza, anaeleza kidogo, anarudisha mambo kwenye mstari. Na kuna mambo hayagunduliki kabisa. Hakuna mtoto atakayekuta kwenye maji kwamba baada ya kumi na mbili inakuja kumi na tatu. Hilo mtu alilisikia kwa mtu.

Hata hilo lina mchezo wake. Geetha Ramani na Robert Siegler, mwaka 2008, waliwachezesha watoto wa chekechea wa familia zenye kipato kidogo nchini Marekani mchezo wa miraba 10 iliyopangwa kwa mstari ulionyooka, ikiandikwa 1 hadi 10. Unazungusha kishale, unapata 1 au 2, unasogea. Siri yake ni hii: ukiwa kwenye 5 ukapata 2, husemi "moja, mbili". Unataja miraba unayokanyaga, "sita, saba". Vilikuwa vipindi vinne tu vya dakika 15 hadi 20, ndani ya wiki mbili. Watoto walipiga hatua katika kuhesabu, kutambua tarakimu na kujua ipi ni kubwa kuliko ipi, na wiki 9 baadaye walikuwa bado nazo. Waliocheza mchezo wa namna hiyohiyo lakini wenye rangi badala ya namba hawakupata faida hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia "michezo hufundisha", muulize mchezo gani. Nawe jiulize hivyohivyo juu ya vifuniko mnavyovipanga kwa rangi.

Tuisheni sasa. Siiogopi, ila nina maswali nayo. Huyo mwalimu hufanya nini ndani ya hiyo saa? Kuna anayekuja na dadu na vijiti, na kuna anayekuja na daftari na rula. Saa nzima kila jioni ni nyingi kwa mtoto wa miaka 5, na hatari ninayoiona ni kwamba atajifunza mapema kuwa hesabu ni mahali pa kukamatwa amekosea. Lakini kukataa nako kuna hatari zake. Shule ikimpima akashindwa, lawama itakuangukia wewe, na michezo yote itaonekana upuuzi, pamoja na ile iliyokuwa inafaa. Na ukikubali huku umenuna, mtoto atajua. Kati ya hapo pana nafasi: muda mfupi zaidi, siku chache, wewe ukiwepo mara za mwanzo. Tena, hiyo shule umewahi kuiuliza inapima nini hasa? Kwenye barua unamnukuu mume wako tu. Huenda wanataka tarakimu hadi 20 na kushika penseli. Huenda wanataka makubwa kuliko hayo, na ni afadhali mjue sasa.

Wapo watakaokutajia Ufini, ambako darasa la kwanza huanza mwaka mtoto anapotimiza miaka 7. Ni kweli, lakini binti yako haendi shule ya Ufini, na mbele ya mume wako hoja hiyo haitadumu dakika moja.

Sasa lile la usiku. Unauliza kama uliikimbia hesabu. Huenda kidogo ndiyo, mwanangu. Lakini mtu anaweza kuchagua jambo jema kwa sababu zilizochanganyika, na jambo likabaki jema. La kuangalia ni hofu hiyo inapita njia gani kumfikia mtoto. Utafiti wa Erin Maloney na wenzake, mwaka 2015 nchini Marekani, uliwaangalia watoto wa darasa la kwanza na la pili wenye wazazi wanaoiogopa hesabu. Watoto hao walijifunza hesabu chache kuliko wenzao kwa mwaka ule, ila tu pale mzazi alipokuwa akiwasaidia mara kwa mara kazi za nyumbani. Mzazi ambaye hakuwa akisaidia mara nyingi hakuonekana kuiambukiza. Kwa hiyo ukiamua kwamba penseli na daftari ni za baba au za mwalimu, hujatoroka zamu yako. Chunga tu hilo neno "hesabu zilinishinda" lisitamkwe mbele yake. Na ukumbuke kwamba uliyechora kivuli asubuhi ukarudi mchana kukilinganisha ni wewe. Huko ni kupima, na kupima ni hesabu. Tumbo halikukukata siku hiyo.

Kumwambia mume wako au kutomwambia, hilo ni lako. Akijua, huenda akaelewa kwa nini unaishikilia michezo kwa nguvu namna hiyo. Au siku mkikosana atalitumia: "Si wewe mwenyewe uliogopa?" Wewe ndiye unayemjua. Ila ningependa umuulize jambo moja kabla ya kumtetea mtoto tena: kicheko kile kilimgusa wapi? Hakucheka, na sidhani alikuwa anafikiria kumi na tatu na kumi na nne.

Ukimkuta ametulia, mpe kazi. Achore yeye ule mstari wa miraba yenye namba kwa chaki, lakini wenu uende hadi 20, maana pengo la binti yenu liko huko juu. Dadu muibandike nukta moja na mbili tu. Yeye ni mtu anayetaka maendeleo yanayoonekana, na hapo atayaona kwa macho. Mwambie naye akisogea ataje miraba yake kwa sauti, na mtoto akiruka mraba ili amshinde, maana ataruka tu, asimgombeze. Amuulize amefika namba ngapi, wacheze tena.

Shangazi